Antonio de Torres, fundi aliyetengeneza gitare ya kartoni

Ndani ya makumbusho ya muziki ya mji wa Barcelona, huko Hispania, kunahifadhiwa gitare moja ambayo haipigwi tena. Uso wake ni wa mbao, kama gitare zingine zote. Lakini mgongo na kando zake ni za kartoni. Aliyeitengeneza, mwaka wa 1862, hakuwa mtoto anayejifunza kazi, wala hakuwa amekosa mbao. Alikuwa Antonio de Torres Jurado, fundi ambaye wapiga gitare wa dunia nzima wanamtaja mpaka leo kama baba wa gitare ya klasiki.

Aliitengeneza ju alitaka kumaliza ubishi. Watu wa wakati ule waliamini kwamba gitare nzuri ni ile yenye mgongo wa mbao za bei kali, zenye rangi ya kupendeza. Torres aliona mambo tofauti. Kwake yeye, sauti inatoka kwenye uso, yaani ule ubao mwembamba wa mbele, na kwenye vijiti vidogo vilivyochongwa na kubandikwa chini ya ule ubao, mahali ambapo mtu hawezi kuviona. Vijiti hivyo ni kama mbavu za gitare. Vikikaa vizuri, hata kartoni inatosha kwa yale mengine.

Huku Goma gitare iko karibu kila pahali. Iko kanisani, iko kwenye kwaya za vijana, na ilipanda pia kwenye jukwaa la Tamasha Amani kuanzia mwaka wa 2014. Wanaoijua kuipiga ni wengi. Waliowahi kupitisha vidole ndani ya tundu na kugusa zile mbavu ni wachache. Maisha ya Torres yanaonyesha ni kazi gani iliyofichwa humo ndani. Yanaonyesha pia namna gani mayele ya mkono yanavyoweza kuzikwa pamoja na mwenyewe.

Kijana aliyekimbia jeshi

Torres alizaliwa tarehe 13 Juni 1817 ndani ya kijiji cha La Cañada de San Urbano, karibu na mji wa bahari wa Almería, kusini mwa Hispania. Baba yake, Juan Torres, alikuwa mtoza kodi. Haikuwa jamaa ya matajiri, lakini haikuwa pia ya watu wa mwisho. Mtoto alipofikisha miaka 12 alipelekwa kwa fundi kujifunza useremala. Ni kule ndiko alijifunza kushika msumeno, patasi na randa, ile ambayo mafundi wengi wa Kongo wanaiita rabo. Gitare ilikuwa bado mbali.

Mwaka wa 1833 mfalme wa Hispania alifariki, na jamaa ya kifalme ikagawanyika. Upande mmoja ulimfuata binti yake mdogo, Isabel. Upande mwingine ulimfuata Carlos, ndugu ya marehemu. Vita vikawaka, na vijana wakaanza kuandikwa jeshini kwa nguvu. Jina la Antonio nalo likatoka.

Baba yake hakukubali kumpoteza. Alifanya mipango mpaka kijana akatangazwa kwamba afya yake haifai kwa kazi ya askari. Kisha, ili asiitwe tena, akamtafutia bibi haraka haraka, kwa sababu waliokuwa wakitafutwa kwanza ni vijana wasiooa na wajane wasio na watoto. Mwaka wa 1835 Antonio, akiwa bado hana miaka 18 au ndipo anaifikisha, alioa Juana María López, mtoto wa mwenye duka. Msichana huyo alikuwa na miaka 13 tu. Ndoa hiyo haikupangwa kwa mapendo. Ilipangwa kwa woga wa vita.

Miaka kumi iliyofuata ilikuwa ya mateso. Walizaa watoto watatu, na wawili wadogo wakafariki. Kazi ya useremala haikuleta feza za kutosha, madeni yakapanda. Mwaka wa 1845 Juana María naye alifariki kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 23. Antonio akabaki mjane mwenye miaka 28, na madeni, na mikono yake.

Sevilla na neno la rafiki

Baada ya hapo Torres akaenda kutafuta maisha Sevilla, mji mkubwa wa kusini. Kule mafundi wa gitare walikuwa wengi, na muziki ulikuwa mitaani usiku na mchana. Akafungua kazi karibu na mafundi wengine, akaendelea na useremala huku akitengeneza gitare moja moja.

Mtu aliyebadili njia yake alikuwa Julián Arcas, mpiga gitare aliyejulikana sana wakati ule, naye pia mzaliwa wa upande wa Almería. Arcas aliona kwamba huyu seremala ana sikio. Alimshauri aache kugawanya siku zake na aifanye gitare kuwa kazi yake ya kweli. Tena alimwambia kile mpiga gitare anachokosa: gitare za wakati ule zilikuwa ndogo, sauti yake ilikuwa nyembamba, na ndani ya chumba kikubwa watu wa nyuma hawakusikia kitu.

Basi Torres akaanza kutafuta. Mwaka wa 1856 alitoa gitare iliyopewa jina La Leona, maana yake simba jike. Mwaka wa 1858 alipeleka gitare nyingine kwenye maonyesho ya Sevilla, akapata medali. Kuanzia hapo jina lake likatoka mtaani na kufika mbali.

Je, alifanya nini? Kwanza, aliongeza ukubwa wa tumbo la gitare. Pili, alifanya uso kuwa mwembamba zaidi, kama milimita 2 hivi kwenye sehemu nyingi. Tatu, alipanga mbavu za ndani kwa utaratibu ambao mafundi wa klasiki wanaufuata mpaka leo. Nne, hakuacha uso uwe sawa kama meza. Aliufanya upinde kidogo sana, kama mgongo wa kijiko.

Torres siye aliyeanzisha mbavu zinazotawanyika kama vidole. Mafundi wa Sevilla waliozaliwa mbele yake walikuwa wamekwisha kujaribu. Yeye alikusanya yale yaliyokuwa yametawanyika, akayapima, akayaunganisha ndani ya chombo kimoja, yakapatana.

Mbavu zinafanya nini?

Ili kuelewa mayele ya Torres, inafaa kujua mzigo ambao uso wa gitare unabeba. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa sawasawa zinavuta kwa nguvu ya kilo kama 40. Nyuzi za chuma zinavuta zaidi, karibu kilo 70. Nguvu yote hiyo inakamata kile kibao kidogo kilichobandikwa kwenye uso, pale nyuzi zinapofungwa. Na ule uso ni ubao wa milimita 2 hivi.

Bila mbavu, ubao huo ungejipinda, kisha ungepasuka. Lakini mbavu zikiwa nene kupita kiasi, ubao hauwezi kutetemeka, na gitare inakuwa bubu. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Fundi anatafuta mahali ambapo ubao unakaribia kushindwa lakini haushindwi. Gitare inayoimba vizuri iko karibu na kuvunjika kuliko watu wanavyofikiri.

Torres aliweka vijiti saba vyembamba chini ya tundu, vikitawanyika kuelekea sehemu ya chini kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Chini kabisa aliongeza vijiti viwili vya kufunga, na juu na chini ya tundu akapitisha mbao mbili za kukingama. Kila kijiti kilikuwa kidogo, kimo cha milimita chache tu. Vyote pamoja havina uzito wa maana. Lakini vikigawana mzigo, uso unatulia.

Mafundi wa kazi hii wana hesabu moja ambayo mtu yeyote wa mbao anaweza kuijaribu. Ukiongeza upana wa kijiti mara mbili, ugumu wake unaongezeka mara mbili. Ukiongeza kimo chake mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Ju ya hiyo, mbavu ya gitare inasimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, hailazwi. Ni sababu ile ile inayomfanya mjenga nyumba kusimamisha mbao za paa badala ya kuzilaza.

Halafu kuna jambo la kupinda. Mtu achukue karatasi moja, aishike kwa upande mmoja: itaanguka na kuning'inia. Aikunje kidogo iwe kama mfereji, kisha aishike tena: itasimama wima mbele ya mkono wake. Karatasi ni ile ile, uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni mpindo tu. Uso wa gitare unafanya hivyo hivyo. Ukipindwa kidogo, unapata nguvu bila kuongezewa unene.

Mpindo wenyewe ni mdogo sana. Kwenye gitare nyingi za leo za nyuzi za chuma, mafundi wanafuata kipande cha duara kubwa, lile ambalo kutoka katikati hadi ukingo ni mita 7 au 8. Kwa ubao wenye upana wa sentimita 40, maana yake katikati panainuka kwa milimita 2 na nusu. Jicho halioni kirahisi. Lakini ukilaza rula juu ya uso, itayumba.

Namna ya kuchonga na kubandika

Kazi ya mbavu inaanza na kuchagua mti. Fundi wa chukudu wa Goma hachukui mti wowote. Anatazama nyuzi za mti zinakwenda wapi, kwa sababu anajua chombo kitabeba mamia ya kilo kwenye mteremko. Fundi wa gitare anafanya vile vile, ingawa mbavu yake ni ndogo kama kalamu. Kwa kawaida anapasua kipande cha mti kwa kufuata nyuzi zake, badala ya kukikata tu kwa msumeno. Kipande kilichopasuka kinaonyesha nyuzi zinakoelekea zenyewe. Msumeno unaweza kuzikata katikati, na kijiti cha namna hiyo siku moja kitavunjika.

Kisha fundi anachonga ule upande utakaogusa uso. Hautakiwi kuwa wima kama rula. Lazima uwe na tumbo kidogo, katikati pawe juu kuliko kwenye ncha. Anapitisha randa mara chache, anaweka kijiti juu ya kipimo, anakiinua mbele ya mwanga. Mwanga ukipita kati ya kijiti na kipimo, kazi haijaisha. Anarudia tena, taratibu, akitoa unga tu wa mbao.

Ju ya nini uangalifu wote huo? Kwa sababu kole, yaani gundi, haijazi nafasi. Wengi wanafikiri kwamba nafasi ikibaki, kole nyingi itaifunika. Si kweli. Kole inashika vizuri pale mbao mbili zinapogusana kabisa. Penye nafasi inakauka kama ganda, na baada ya muda ganda linaachia. Hapo ndipo gitare inaanza kutoa ule mlio wa kukera, kama mdudu aliyefungwa ndani ya kopo. Mara nyingi mtu anabadilisha nyuzi, anabadilisha tena, kumbe ni ubavu mmoja umeachia ndani.

Wakati wa Torres, kole ilitoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Ilipikwa polepole ndani ya chungu kilichowekwa juu ya maji ya moto. Ikipoa inaganda haraka, ndani ya dakika moja au mbili. Kwa hiyo fundi alihitaji kupasha mbao joto, kupaka haraka, kuweka kijiti mahali pake mara moja, na kukibana. Ukikosa mara ya kwanza, unafuta yote na kuanza upya.

Mafundi wa njia ya Hispania wanalaza uso kifudifudi juu ya ubao mzito wa kazi uliochimbwa kidogo, kama sahani isiyo na kina. Mbavu yenye tumbo inawekwa juu, inabanwa, na ule ubao mwembamba unalazimika kufuata mpindo wa mbavu hadi kole ikauke. Wengine wanabana kwa fimbo nyembamba zinazonyumbuka: ncha moja inakaa juu ya mbavu, ncha nyingine inasukuma ubao ulio juu ya meza. Fimbo inataka kujinyoosha, na nguvu yake ndiyo inayobana. Hakuna chuma, hakuna skrubu.

Kole ikishakauka, kazi inabaki nusu. Fundi anachukua patasi kali na kupunguza ncha za kila mbavu ziishe polepole, kama mwisho wa mkia. Anagonga ubao kwa kidole, anasikiliza, anatoa kidogo, anagonga tena. Hapo hakuna kipimo cha rula. Ni sikio na ncha ya kidole.

Mpindo huo unasaidia pia wakati hewa inapobadilika. Mbao hunywa unyevu wakati wa mvua na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa wakati wa jua. Uso ulio sawa kama meza ukisinyaa hauna pa kwenda, unapasuka. Uso wenye mpindo unashuka kidogo kwanza, unapata nafasi ya kupumua. Mwenye gitare wa Goma anayeona nyuzi zake zinapanda juu wakati wa mvua na kushuka kiangazi anaona jambo hilo hilo. Na gitare inayoachwa mchana kutwa chini ya mabati yenye jua inapimwa kuliko nguvu zake, hata kama ilitengenezwa na fundi bora.

Jibu la kartoni

Tukirudi Sevilla, mwaka wa 1862, inaeleweka sasa kwa nini Torres alichukua kartoni. Hakutaka kusema kwa maneno tu. Alichagua ubao mzuri wa uso, akaupatia mbavu zake kama kawaida, kisha akafunga mgongo na kando kwa kitu ambacho hakuna mtu angekitumia. Waliowahi kuisikia gitare hiyo walishuhudia kwamba ilitoa sauti ya kweli, ya kupendeza. Haikuwa gitare yake iliyo bora kuliko zote, na mbao nzuri za mgongo zina kazi yake. Lakini ilitosha kuonyesha sauti inazaliwa wapi.

Kuna habari nyingine inayoonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Mwaka wa 1869 kijana wa miaka 17, Francisco Tárrega, alifika kwake kununua gitare. Feza zilikuwa kidogo, basi Torres akamwonyesha gitare ya bei ndogo. Kijana akaanza kupiga. Torres akasikiliza, akaingia ndani, akarudi na gitare nyingine aliyokuwa ameitengeneza mwaka wa 1864 na kuiweka kwake mwenyewe, akampatia hiyo. Tárrega alikuja kuwa mpiga gitare na mtunzi mkubwa kuliko wote wa Hispania ya wakati wake, na ile gitare aliitumia kwa miaka mingi.

Duka la vyombo vya udongo

Mtu angefikiri kwamba baada ya medali na sifa zote Torres alitajirika. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1868 alioa tena, bibi aliyeitwa Josefa Martín Rosado. Jamaa ikahitaji chakula, na gitare hazikulipa vya kutosha. Karibu mwaka wa 1870 alifunga kazi Sevilla, akarudi Almería, na akafungua pamoja na bibi yake duka la kuuza sahani, vikombe na vyombo vingine vya udongo. Fundi bora wa gitare duniani akawa muuza vikombe.

Kwa miaka mitano hivi hakuna gitare mpya inayojulikana. Kisha mnamo 1875 mikono ikashindwa kukaa bure. Akaanza tena, taratibu, kwenye saa zilizobaki baada ya duka. Kwenye karatasi ndogo aliyobandika ndani ya kila gitare aliandika kwamba hiki ni kipindi chake cha pili, akaanza kuhesabu upya. Mwaka wa 1883 Josefa alifariki. Torres akawa mjane mara ya pili, na kuanzia hapo akazama ndani ya kazi, akitoa gitare kama 12 kwa mwaka, mpaka kifo chake.

Katika miaka hiyo ya mwisho alikuwa na rafiki kijana, padri Juan Martínez Sirvent, aliyemtembelea mara kwa mara na kumsaidia mambo madogo ya kazi. Ni yeye aliyeandika baadaye yale aliyoyaona. Kwa ushuhuda wake, mzee alifanya kazi mbele ya watu bila shida, lakini ilipofika saa ya kumalizia uso na mbavu zake, alijifungia peke yake.

Siku moja, wakiwa mezani, watu walimwuliza Torres kama ataondoka na siri yake. Jibu lake, kadiri padri alivyolieleza, lilikuwa la masikitiko kuliko la majivuno. Alisema siri hiyo itakwenda naye kaburini, na si kwa kuwa anataka kuificha. Iko kwenye ncha za vidole viwili, kidole gumba na kile kinachofuata. Vidole hivyo vikipima ubao, vinaiambia akili kama umefikia mahali pake au bado. Kitu cha namna hiyo hakiandikwi, na hakuna pa kukiachia.

Antonio de Torres alifariki tarehe 19 Novemba 1892 mjini Almería, akiwa na miaka 75. Hakuacha mwanafunzi aliyeendeleza karakana yake.

Vilivyobaki na vilivyopotea

Inakadiriwa kwamba Torres aliunda gitare karibu 320 maishani mwake. Zinazojulikana leo ni chini ya 100. Zingine zilivunjika, zingine zilichomwa, zingine ziliuzwa na watu wasiojua wameshika nini. José Luis Romanillos, fundi wa gitare mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Uingereza, alitumia miaka mingi kuzitafuta moja moja na kuzipima mbavu zake, na mwaka wa 1987 akatoa kitabu juu ya maisha na kazi yake.

Kwa sehemu, basi, Torres alikosea. Mafundi waliokuja nyuma walifungua gitare zake, wakapima unene wa uso, wakachora mbavu saba na mpindo wake, wakaiga. Manuel Ramírez aliiga Madrid. Hermann Hauser aliiga kule Ujerumani, na mwaka wa 1937 akatengeneza gitare ambayo Andrés Segovia alizunguka nayo ulimwengu. Gitare ya klasiki inayouzwa leo, hata ile ya bei ya chini, ina umbo na urefu wa nyuzi unaotoka kwa Torres.

Upande wa gitare za nyuzi za chuma, njia ilikuwa nyingine. Christian Friedrich Martin, fundi Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka wa 1833, alipanga mbavu mbili kubwa zikikatana kama msalaba uliolala. Mpangilio huo ulikuja kufaa sana nyuzi za chuma zilipoenea. Gitare ya nyuzi za chuma ndiyo aina aliyoishika Jean-Bosco Mwenda, mwana wa Bunkeya, Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka wa 1952, na wimbo wake Masanga ukavuka mipaka hadi Nairobi na mbali zaidi. Mpangilio wa mbavu si ule wa Torres, lakini kanuni ni moja: uso mwembamba, na vijiti vinavyoubeba bila kuunyamazisha.

Lakini kwa sehemu Torres alisema kweli. Vipimo vinaweza kuigwa, ila miti miwili haifanani hata ikitoka msitu mmoja. Milimita 2 kwa ubao mmoja ni nyembamba mno, kwa ubao mwingine ni nene mno. Kinachoamua ni kidole kilichogusa mbao nyingi. Na kidole hakifundishwi kwa karatasi. Kinafundishwa kwa kukaa karibu na fundi, kugusa pale alipogusa, kukosea mbele yake na kurudia. Torres hakuwa na mtu wa kukaa naye hivyo mlango ulipofungwa.

Jambo hilo haliko geni ndani ya mji wa Goma. Vita, kuhama na moto wa volkano vimetawanya mafundi mara nyingi, kila mmoja na kazi yake mikononi: wa mbao, wa chuma, wa mitumbwi ya Ziwa Kivu. Msumeno ukipotea unaweza kununuliwa mwingine. Mzee akiondoka bila kijana pembeni yake, kuna vitu ambavyo hakuna soko linaloviuza.

Mwenye gitare anayetaka kuonana na kazi ya Torres hana haja ya kwenda Barcelona. Alegeze nyuzi, aingize kioo kidogo ndani ya tundu, na amulike kwa taa ya simu. Ataona mbavu zile, zimebandikwa gizani. Kisha agonge uso polepole kwa kidole, kutoka katikati kwenda pembeni. Penye mbavu iliyoshika, sauti ni safi. Penye mbavu iliyoachia, ubao utalia vibaya kama sahani yenye ufa, na hapo anajua pa kumwonyesha fundi kabla uso wote haujaharibika.